Jemadari wa Ghorofa ya Kumi na Moja

Mwalimu hakuwahi kunifundisha mimi, wala mtu yeyote ninayemjua. Inasemekana alifundisha historia katika shule ya sekondari huko nyumbani kwa miaka mingi, na sina sababu ya kubisha, maana mtu aliyezoea kusikilizwa na watoto arobaini wasioruhusiwa kutoka nje unamtambua tu. Kuhusu alikozaliwa na ukoo wake sitasema kitu. Nilimwuliza mara moja, tukiwa kwenye lifti. Akaanza na mfalme Filipo wa Makedonia, na tulipofika ghorofa ya kumi na moja Filipo alikuwa bado hajaoa.

Yeye anakaa huko juu, mimi nakaa ya tisa, katika jengo moja hapa ugenini, mtaa wa Agincourt. Jina la mtaa lilimkera tangu siku ya kwanza. Alisema ni jina la vita ambavyo mfalme mmoja wa Uingereza alishinda kwa msaada wa tope, na kwamba vita vya tope havina heshima. Kwake yeye duniani alipita jemadari mmoja tu, Aleksanda, na wengine wote walikuwa wanajaribu. Watu wa jengo letu wana makanisa yao, wana misikiti yao, wana timu zao za mpira. Mwalimu alikuwa na Aleksanda.

Nampenda mzee huyu. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele huenda lisionekane. Niseme pia kwamba ana binti mmoja tu, anayekaa Jane na Finch, upande wa pili wa jiji, na kwamba kwa miaka sita hakukanyaga kwa binti huyo wala kumpigia simu, na mjukuu wake alimwona kwenye simu yangu tu, kwa jicho la pembeni, akijifanya anaangalia saa. Wa kulaumiwa ni Aleksanda. Na kidogo ni mimi.

Uwanja wake wa vita ulikuwa meza ya pembeni kwenye mkahawa wa donati pale plaza. Vijiko vilikuwa askari wa miguu wenye mikuki mirefu, pakiti za sukari wapanda farasi, na kikombe changu kilikuwa Dario, mfalme wa Uajemi. Sijui kwa nini kilikuwa changu kila mara. Nimekunywa chai baridi miaka kumi na miwili kwa sababu Dario alikuwa hajashindwa bado. Vijiko vinasonga mbele, vinamshika Dario katikati asiweze kutoka, kisha sukari zinazunguka kulia na kumpiga pale alipoacha mwanya. "Nyundo na fuawe, Mama," alikuwa akisema, akigonga meza mpaka watu wa meza nyingine wanageuka. "Miguu inashika, farasi wanapiga. Basi. Dunia nzima ilianguka kwa hesabu hiyo."

Hesabu hiyo aliitumia hata kwenye duka la nyama. Siku ya bei nafuu alinisimamisha na toroli mbele ya kaunta, niwazuie akina mama wengine, huku yeye akizunguka kupitia upande wa mboga. Mimi ndiye niliyekuwa fuawe. Nimekuwa fuawe miaka yote hiyo, na mnajua fuawe kazi yake ni kupigwa. Yeye akatoka na mguu wa mbuzi, mimi nikatoka na maneno ya akina mama wale.

Mwaka mmoja, kwenye pikiniki ya kanisa, aliwapanga wanaume kumi na sita katika mistari minne, kila mmoja na mpini wa fagio, kuwaonyesha vijana jinsi safu ya Makedonia ilivyokuwa haivunjiki. Mstari wa mbele uliinamisha mipini, mistari ya nyuma ikainua, na kwa kweli ilipendeza. Wakaanza kwenda kuelekea bwawani. Sasa pale bwawani palikuwa na bata bukini mmoja na vifaranga vyake, na mama yule hakuwa amesoma historia. Alikuja akipiga kelele, shingo chini, mabawa wazi. Baba zetu walitupa mipini. Mzee wa kanisa mmoja alipanda juu ya meza ya chakula. Mwalimu alisema tatizo lilikuwa nidhamu. Alilisema akiwa ameketi juu ya kasha la barafu, mbali kabisa, kwenye kivuli.

Hapo ndipo palikuwa na kasoro yake, na sikuwa peke yangu kuiona. Hakuchoka kutuambia kwamba Aleksanda hakupigana akiwa nyuma, kwamba alikuwa wa kwanza kupanda ukuta wa mji mmoja huko India, na akachomwa mshale kifuani kwa sababu ya kuwa mstari wa mbele. Lakini lifti ilipoharibika majira ya baridi, na wapangaji tukaamua kwenda kwa msimamizi wa jengo, Mwalimu alitupangia maneno, akatupangia nani asimame kulia na nani kushoto, halafu yeye akabaki nyuma ya mlango wa ngazi. Alisema yeye ni kikosi cha akiba. Nilimwona kupitia kioo kidogo cha mlango, amevaa kofia ya sufu, anakula njugu.

Na udereva wake. Mtihani wa leseni aliufaulu mara ya nne, na tangu siku ile hakuwahi kukata kushoto. Alisema Aleksanda alishambulia kwa ubavu wa kulia katika kila vita, na ubavu wa kushoto kazi yake ni kuvumilia. Ukweli ni kwamba huku tunaendesha upande wa kulia, ukikata kushoto unakatiza magari yanayokuja mbele, naye aliyaogopa, na nani asiyeyaogopa? Lakini badala ya kusema anaogopa, alitutembeza. Kwenda kanisani ni dakika kumi. Ukiwa na Mwalimu ni dakika arobaini, kulia, kulia, kulia, tunapita duka moja mara mbili, na yeye anatueleza ni wapi Waajemi wangekuwa wamejificha.

Mimi alinipa cheo. Aliniita Parmenio, na akanieleza kwamba Parmenio alikuwa jemadari mzee aliyeaminiwa kuliko wote, aliyeshika ubavu wa kushoto, ule wa kuvumilia. Nilijivunia. Naona haya kusema hivyo, lakini ukishinda siku nzima ukiwaogesha wazee wa watu wasiokumbuka jina lako, mtu akikupa cheo unakipokea. Aliyeniharibia raha hiyo ni mwenye duka.

Mwenye duka ni Mhindi wa Kisumu, anauza unga wa muhogo, dagaa na iliki pale plaza, na Kiswahili chake kinatushinda wengi wetu. Yeye na Mwalimu walikuwa wakibishana kila Jumamosi. Mwenye duka alidai kwamba tembo waliomtisha Aleksanda kule mtoni walikuwa wa kwao. Mwalimu alimjibu kwamba kwao ni Gujarati na Aleksanda hakufika huko. Mwenye duka akasema hakufika kwa sababu aliogopa. Siku moja, akinipimia dagaa, akaniuliza kama najua mwisho wa Parmenio. Sikuujua. Akaniambia kwamba Aleksanda alimtilia shaka mzee wa watu, akatuma watu wakamuue akiwa anasoma barua. Nilipanda ghorofa ya kumi na moja na dagaa wangu mkononi, nikamwambia Mwalimu kwamba cheo chake akae nacho. Hakuona haya. Alisema himaya kubwa ina mambo yake.

Sasa niseme la binti.

Mama yake alifariki mtoto akiwa bado anasoma, kwa hiyo mimi ndiye niliyebaki kuwa mama mdogo wake, wa kumsuka, wa kumgombeza, wa kuambiwa siri. Alipompata mchumba, aliniambia mimi kwanza. Kijana wa Kikongo, watu wa Bukavu, mpole, anafanya kazi kiwandani na anaimba kwaya. Mwalimu wala hakumkataa. Hili watu wengi hawalijui. Alimpenda kijana yule, alishamwazima vitabu. Lakini walipotuma ujumbe kwamba wazee wao wanakuja na posa, macho yakamwaka, na wiki nzima mezani kwake palikuwa na pakiti za sukari. Hakutaka kukataa. Alitaka kushinda tu.

Akachagua Gaugamela. Hapo, alinieleza, Dario alikuwa na watu wengi kuliko hesabu, na alifanya kosa moja: aliwasimamisha na silaha zao usiku kucha, wakisubiri kushambuliwa, mpaka kulipokucha walikuwa hoi. Aleksanda yeye alilala fofofo. Jua likatoka, maofisa wakaingiwa na hofu, ikabidi Parmenio aingie hemani amwamshe, na akaamka mwepesi, akaenda kuteka dunia. Kwa hiyo wageni wangeambiwa waje saa nane mchana. Wangeketi katika ukumbi wa chini wa jengo, viti vyao vikitazama madirisha ya magharibi, jua liwapige usoni. Chakula kisitolewe. Yeye angekuwa amelala juu, na saa tisa angeshuka akiwa mpya kabisa, na mazungumzo yangekuwa yamekwisha kabla ya kuanza.

"Na usije kuniamsha," aliniambia. "Nitaamka mwenyewe."

Walikuja saa nane kamili, watu kumi na mmoja, wamevaa vizuri. Aliyewaongoza ni mjomba wa kijana, mzee mrefu mwenye suti ya kahawia. Waliimba kidogo walipoingia, kama wanavyofanya watu wao. Wakakaa. Jua likawaingia machoni, wakaweka mikono kwenye paji la uso kama watu wanaotafuta basi. Mimi nilikuwa jikoni, chumba kile cha pembeni, na pilau yangu ya kilo tano katika sufuria mbili nilizozifunga blanketi. Saa tisa ikafika. Saa kumi ikafika. Kuimba kulikuwa kumeisha zamani.

Binti alikuja jikoni mara tatu. Mara ya kwanza aliniomba niwape chakula, nikamwambia baba yake amesema tusubiri. Mara ya pili aliniomba niende nikamwamshe, nikamwambia amekataza. Mara ya tatu hakuomba kitu. Alisimama mlangoni akaniangalia, na mimi nilikuwa na sahani mkononi, nakumbuka, sahani tupu, ninaipangusa. Naijua aibu ile mpaka leo. Ghorofa kumi na moja kwa lifti ni dakika moja. Parmenio wa kwanza aliingia hemani akamwamsha mtu. Mimi nilitii amri.

Saa kumi na moja mjomba akasimama, akaja mlangoni kwangu, akainamisha kichwa. "Mama," akasema, "tulikuya na heshima, tunarudia na heshima." Wengine wakasimama nyuma yake. Binti akapita katikati yao, akaingia jikoni, akabeba sufuria kubwa na blanketi lake. Kijana akabeba ndogo. Wakatoka nao, kwenye magari yao, yeye na gauni lake jipya na pilau yangu yote.

Mwalimu alishuka saa kumi na mbili, suti imenyooka, amenyoa, mwepesi kweli kweli. Nilikuwa napanga viti. Akaangalia ukumbi mtupu, na usoni nikaona tumaini.

"Wamekimbia?" akauliza.

Nikamwambia hapana, wamekwenda kula.

Kesho yake binti alimpigia, akamwambia kitu kimoja: amwombe radhi yule mzee wa suti ya kahawia, mambo yaishe. Mwalimu akasema Aleksanda alikaa miezi saba nje ya mji wa Tiro mpaka ukaanguka, naye ataketi. Akaketi. Ndoa ikapita, mjomba akasimama mahali pa baba. Mtoto akazaliwa. Miezi saba ikawa miaka sita, na wa kwenda na kurudi nilikuwa mimi, basi la barabara ya Finch mwanzo mpaka mwisho, natoka na vitumbua narudi na picha. Mji uliozingirwa ulikuwa unapika, unacheka, unalea. Aliyekuwa anakonda ni mzingiraji.

Mwaka huu, theluji ilipoanza kuyeyuka, binti aliniambia kwamba mume wake amepata kazi Edmonton, mwendo wa saa nne kwa ndege, na wanahama mwisho wa mwezi. Hakuniambia nimwambie baba yake. Hakuniambia nisimwambie. Jumamosi ile nikamkuta Mwalimu dukani, amesimama kati ya magunia ya mchele akibishana, nikalitoa palepale mbele ya mwenye duka, kwa sababu nilijua tukiwa peke yetu angelizungusha.

Akafunga mdomo wa gunia moja. Kisha akasema mzingiraji hana haraka.

"Mwalimu," nikamwambia, "mji wenyewe unahama."

Mwenye duka akaweka kikombe cha kupimia chini. Alikuwa ameazima kitabu maktaba, na nadhani alikuwa anakitunza kwa siku kama ile. Akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini Mwalimu hakuwahi kutusimulia habari za mto Hifasi. Mwalimu akasema kule safari iliishia kwa sababu ya mvua. Mwenye duka akasema mvua ilikuwepo, lakini kilichotokea ni kwamba jeshi lilikataa. Miaka minane wanatembea, wamechoka, wanataka kuona watoto wao. Aleksanda akasusa, akajifungia hemani siku tatu, akidhani watambembeleza. Hawakumbembeleza. Ndipo akachinja, maini ya mnyama yakasomwa, akasema ishara za kafara ni mbaya, miungu imekataa, na kwa heshima ya miungu akageuza farasi. "Na jeshi lililia kwa furaha, Mwalimu," akasema. "Mtu wako alishindwa mara moja tu, na waliomshinda ni watu waliotaka kwenda nyumbani."

Mwalimu aliacha mchele wake kaunta akaondoka. Akajifungia. Jumapili hakuonekana kanisani, Jumatatu hakushuka kwa barua zake, simu hakupokea. Nilipogonga aliniambia kupitia mlangoni kwamba anasoma. Nilikasirika, nilikasirika sana, kwa ajili ya binti na mtoto na miaka sita ya basi. Ila Jumanne, nikisubiri zamu yangu kwenye duka la nyama, hasira ikanipa akili. Nikanunua ini la mbuzi, zima, halijakatwa.

Nikapanda nalo kwenye sahani. Safari hii sikugonga kwa adabu. Alifungua amevaa koti juu ya pajama, ndevu zimemjaa. Nikaweka sahani mezani, katikati ya pakiti za sukari.

"Nimeangalia ishara, Mwalimu. Zimekataa."

Akaliangalia ini, kisha akaniangalia mimi. Mzee yule si mjinga, hajawahi kuwa mjinga, ndiyo maana anachosha. Alijua kwamba ini lilikuwa ini, na alijua kwamba najua. Akavuta miwani, akaketi, akaligeuza kwa uma, upande huu, upande ule.

"Hapa kushoto kuna doa," akasema.

"Doa baya," nikasema.

"Baya sana." Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akachukua muda wake. "Kwa ishara za namna hii, Parmenio, hata yeye angegeuza."

Tukalikaanga na kitunguu, tukalila na ugali. Lilikuwa ini zuri ajabu, halina doa lolote.

Jumapili tukaondoka na gari lake. Nilipika pilau tena, kilo tano, nikaipakata miguuni. Kutoka kwetu unaifuata Finch tu kuelekea magharibi, mwendo mrefu, na jengo la binti liko upande wa kushoto wa barabara. Nilijiandaa kwa kona zetu tatu. Tukafika kwenye taa za pale, na Mwalimu akawasha ishara ya kushoto. Akasimama kwenye njia ya kukatia kushoto, mikono yote miwili kwenye usukani, magari yanakuja mbele yetu, ya nyuma yanapiga honi. Taa ya kijani ikapita bila yeye kusogea. Ya pili ikapita. Ya tatu akakata, polepole, jasho linamtoka.

Binti ndiye aliyefungua mlango. Alituangalia, kwanza mimi, kisha sufuria, kisha yeye.

"Shikamoo, Baba," akasema. "Tulidhani bado umelala."

Nilimwona akitafuta mji wa kujibu nao, mto, mfalme yeyote. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akitafuta.

"Nimeamka," akasema.

Ndani palijaa maboksi ya kuhama. Mjomba wa suti ya kahawia alikuwepo, alikuja kusaidia kufunga, akainuka kumpisha. Mwalimu alimwendea kabla hajakaa, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia, "Mzee, siku ile niliwaweka juani na njaa. Nisamehe." Yule mzee akamwambia, "Kula kwanza, Mwalimu." Hata dakika tano hawakumsubirisha. Mtoto akauliza kwa Kiingereza huyu ni nani. Mama yake akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni babu yake, ampe kiti.

Kiti kilichobaki bila kufungwa kilikuwa kimoja, na mtoto alikiburuta mpaka penye nafasi, ambapo palikuwa mbele ya dirisha la magharibi, saa kumi jioni. Sidhani alifundishwa. Mwalimu akaketi, jua likampiga usoni moja kwa moja, akapokea sahani. Mkwe wake akanyanyuka kwenda kuvuta pazia.

"Liache," Mwalimu akasema.

Akala sahani mbili, amekunja macho, na kiti hakukisogeza.